Maswali ya wasomaji: Kampuni za magari zinazoyumba zikiungana, mwenye hisa aangalie nini?

Mazungumzo ya Honda na Nissan yalitangazwa rasmi tarehe 23 Desemba 2024 na kuvunjika tarehe 13 Februari 2025. Hayakufikisha hata miezi miwili, lakini maswali ya wasomaji kuhusu miungano ya aina hiyo yamezidi kuja. Safari hii tumechagua yale yanayomgusa mwenye hisa: anayetaka kujua anunue, auze, au apige kura gani.

Kampuni mbili zenye hasara zikiungana, si tunapata kampuni moja yenye hasara kubwa zaidi? Mbona bei ya hisa hupanda siku habari zinapotoka?

Siku ya kwanza, ndiyo, ni hasara mbili katika kitabu kimoja. Kinachoweza kuibadilisha hesabu hiyo ni kiwanda, kwa hiyo tukitazame kwa karibu.

Chukua kiwanda cha kuunganisha magari chenye uwezo wa magari 250,000 kwa mwaka. Gharama zake zisizobadilika ni dola milioni 500: jengo, roboti za kuchomelea, uchakavu wa mitambo, mishahara ya kudumu. Karakana ya rangi peke yake ni mzigo mzito, maana matanuri ya kukaushia lazima yabaki na joto lake na pampu ziendelee kuzungusha rangi, yapite magari 60 kwa saa au yapite 25. Kiwanda kikijaa, kila gari linabeba dola 2,000 za gharama hizo. Kikitoa magari 125,000, kila gari linabeba dola 4,000, na hapo faida ya gari la kawaida imeshaliwa yote. Watu wa sekta hii huchukulia kwamba kiwanda kikishuka chini ya asilimia 80 hivi ya uwezo wake, kukitoa kwenye hasara ni kazi ngumu.

Sasa unganisha kampuni mbili, kila moja ikiwa na kiwanda kama hicho kilichojaa nusu. Usipofunga kimoja, gharama inabaki dola 4,000 kwa gari. Jina jipya na makao makuu mapya havipunguzi hata senti. Funga kimoja, hamishia magari yake kwenye kingine, na umeokoa karibu dola milioni 500 kila mwaka, ukishalipa gharama za kufunga: viinua mgongo, kusafisha ardhi iliyoingia kemikali, fidia kwa wasambazaji wa vipuri wenye mikataba. Basi swali la kwanza la mwekezaji ni hili: kiwanda gani kinafungwa, lini, na serikali na chama cha wafanyakazi wamesemaje? Tangazo likikaa kimya juu ya hilo, manufaa ya viwanda yaandikie sifuri.

British Leyland ya Uingereza ndiyo mfano unaouma zaidi. Iliundwa mwaka 1968 kwa msukumo wa serikali, ikashika karibu asilimia 40 ya soko la nchi yake. Viwanda vilibaki vingi mno, na magari ya nyumba moja yaliendelea kunyang'anyana wateja. Mwaka 1970 Triumph ilitoa gari la Stag likiwa na injini yake mpya ya V8 (silinda nane) ya lita 3, wakati Rover, ndugu yake ndani ya kampuni ileile, tayari ilikuwa na V8 ya lita 3.5 iliyokwisha kuaminika. Injini ya Stag ikajulikana kwa kuchemka. Kampuni ililipia injini mbili pale ambapo moja ingetosha, na ile mpya ndiyo iliyoharibu jina. Mwaka 1975 serikali ililazimika kuichukua.

Ama bei kupanda: uvumi wa Honda ulipotoka tarehe 18 Desemba 2024, hisa ya Nissan ilipanda kwa karibu asilimia 24 siku hiyohiyo, na ya Honda ikashuka. Soko lilikuwa linasema nani anaokolewa na nani atalipa. Kila tangazo la namna hii lisome kwa kutazama bei zote mbili kwa pamoja.

Nina hisa 2,000 za kampuni iliyo dhaifu zaidi. Nimeambiwa nitapewa hisa 0.45 za kampuni nyingine kwa kila hisa yangu. Nitajuaje kama nimepunjwa?

Tuweke mfano kamili. Kampuni ya kwanza, ile yenye nguvu, ina hisa milioni 600, kila moja dola 10, thamani yake sokoni ni dola bilioni 6. Yako ina hisa milioni 1,000 kwa dola 4, yaani bilioni 4. Kwa uwiano wa 0.45, hisa zako 2,000 zinageuka 900. Kila hisa yako imehesabiwa kwa dola 4.50, nyongeza ya asilimia 12.5 juu ya bei ya soko. Uwiano ukizaa hisa yenye kipande, kipande hicho kwa kawaida hulipwa taslimu.

Kampuni ya kwanza itatoa hisa mpya milioni 450, jumla iwe milioni 1,050. Wenye hisa wake wa zamani watamiliki asilimia 57.1, na ninyi asilimia 42.9. Kwa bei za soko mlistahili 40 kwa 60. Hapo wewe hujapunjwa hata kidogo. Anayepaswa kukuna kichwa ni mwenye hisa wa kampuni yenye nguvu: ili asilimia yake 57.1 iwe na thamani ya bilioni 6 aliyokuwa nayo, kampuni mpya lazima ifikie bilioni 10.5. Muungano unadaiwa kuzalisha thamani mpya ya dola milioni 500 ndipo yeye arudi alipoanzia.

Je, itafika? Tuseme wakurugenzi wameahidi akiba ya milioni 300 kwa mwaka, itakayotimia mwaka wa nne: mwaka wa kwanza hakuna, wa pili theluthi moja, wa tatu theluthi mbili. Toa kodi ya asilimia 25, akiba kamili inabaki milioni 225. Thamani ya akiba inayojirudia kila mwaka hukadiriwa kwa kuizidisha mara kadhaa; kwa kampuni inayoyumba, mara tano ni ukarimu wa kutosha, hivyo ni milioni 1,125 ukiwa mwisho wa mwaka wa tatu. Fedha za kesho zina thamani ndogo kuliko za leo, kwa hiyo irudishe leo kwa punguzo la asilimia 12 kwa mwaka: milioni 801. Ongeza akiba ya mwaka wa pili (75, leo ni 60) na ya mwaka wa tatu (150, leo ni 107). Jumla ni kama milioni 968. Kisha toa gharama za kuunganisha, tuseme milioni 600 zinazolipwa nusu kwa nusu katika miaka miwili ya kwanza. Kwa thamani ya leo ni 507. Inabaki takriban milioni 460. Pungufu ya 500.

Akiba yote ikichelewa mwaka mmoja tu, jambo la kawaida kabisa, ile 968 inakuwa 864 na kinachobaki ni takriban 357. Gharama hazichelewi. Ndiyo sababu miungano mingi inayopendeza kwenye jedwali la wakurugenzi humwacha mwenye hisa wa upande wenye nguvu akiwa maskini kidogo kuliko alivyoingia.

Uwiano unanipa dola 4.50, lakini sokoni hisa yangu inauzwa 4.05. Pengo hilo ni la nini?

Ni shaka ya soko. Kadiria hisa itashukia wapi mpango ukivunjika, tuseme 3.50. Toa 3.50 kutoka 4.05, upate 0.55. Toa 3.50 kutoka 4.50, upate 1.00. Soko linaupa mpango nafasi ya asilimia 55 hivi, ukiweka kando riba ya muda wa kusubiri. Kama wewe huoni sababu ya kuupa zaidi ya hapo, kuuza 4.05 leo si uoga. Kumbuka pia kwamba ile 4.50 si fedha taslimu. Ni 0.45 ya hisa ya mwenzako, na ikishuka yake, inashuka na yako.

Wakisema ni "muungano wa walio sawa", mwenye hisa aamini?

Asome ukurasa wa bodi kabla ya kusoma hotuba. Hesabu viti: nani anateua wajumbe walio wengi, nani anatoa mtendaji mkuu, na makao makuu yatakuwa wapi. Palipo na wengi kwenye bodi ndipo penye kampuni.

Daimler-Benz ya Ujerumani na Chrysler ya Marekani zilitangaza muungano wa walio sawa mwezi Mei 1998, mpango wa dola bilioni 36 hivi. Wenye hisa wa Daimler walipata takriban asilimia 57. Kulikuwa na wenyeviti wawili, Jürgen Schrempp wa Daimler na Robert Eaton wa Chrysler. Eaton akaondoka mwaka 2000. Oktoba mwaka huohuo Schrempp alilieleza gazeti la Financial Times kwamba Chrysler kuwa idara ndani ya kampuni ndivyo alivyokusudia tangu awali. Wenye hisa walishtaki, wakidai kwamba kama ni kununuliwa basi walistahili bei ya kununuliwa, na mwaka 2003 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 300 kumaliza shauri moja la pamoja. Mwaka 2007 asilimia 80.1 ya Chrysler iliuzwa kwa Cerberus, kampuni ya uwekezaji ya Marekani, kwa dola bilioni 7.4, na katika hizo, zilizokwenda kwa Daimler ni kama bilioni 1.35 tu. Nyingine ziliingizwa ndani ya Chrysler yenyewe na kampuni yake ya mikopo.

Kuna jambo jingine katika mkasa huo ambalo wengi hulisahau. Kampuni mpya ilisajiliwa Ujerumani, kwa hiyo ikatolewa kwenye faharasa ya S&P 500, yaani orodha ya hisa za kampuni kubwa 500 za Marekani. Mifuko ya uwekezaji ya Marekani inayofuata faharasa hiyo ililazimika kuuza, hisa zikamiminika kurudi Ujerumani, na bei ikaumia bila gari hata moja kuharibika. Ukiona kampuni mpya itasajiliwa nchi nyingine, uliza ni mifuko gani italazimika kuuza, na lini.

Kwa Honda na Nissan, hati ya makubaliano ya Desemba 2024 ilisema Honda ndiyo itakayopendekeza wajumbe walio wengi na rais wa kampuni hodhi, yaani kampuni mama itakayozimiliki zote mbili. Hilo lilikuwa limekubaliwa. Kilichovunja mazungumzo ni pale Honda ilipotaka Nissan iwe kampuni tanzu yake, yaani inayomilikiwa na Honda. Nissan ikakataa. Kwa maoni yetu Honda iliuliza swali sahihi kwa sauti kubwa mno: nani ataamua viwanda gani vifungwe? Jibu lilikuja baada ya kuachana. Mei 2025 Nissan, ikiwa na hasara ya yeni bilioni 670.9 kwa mwaka wa fedha uliokuwa umeisha, ilitangaza yenyewe kupunguza wafanyakazi 20,000 na kushusha idadi ya viwanda kutoka 17 hadi 10. Dawa ilikuwa ileile, iwe ndani ya ndoa au nje yake.

Wanatangaza akiba ya mabilioni kwa kutumia sehemu zilezile kwenye magari ya pande zote. Inawezekana kiufundi, au ni maneno?

Inawezekana, ila saa yake ni ndefu. Magari mawili hushiriki msingi mmoja pale vipimo vya ndani vinapolingana: umbali kutoka ekseli ya mbele hadi kanyagio la breki, mahali injini inapofungwa, urefu wa ukuta unaotenga injini na abiria, njia za nyaya. Ukikuta vipimo hivyo havilingani, huwezi kuvilazimisha kwa bolti. Lazima usubiri toleo jipya la gari, na kutoka karatasi nyeupe hadi gari kutoka kiwandani ni miaka mitatu hadi mitano. Ndani ya muda huo kampuni dhaifu inaendelea kupoteza fedha. Kompyuta na programu za gari ni ngumu zaidi ya chuma, maana breki, usukani na betri vyote hupokea amri kutoka mfumo mmoja, na mifumo ya kampuni mbili haizungumzi lugha moja.

Kuhamisha gari kutoka kiwanda hiki hadi kile nako kuna gharama zake. Dayi za kukandamiza bati zina uzito wa tani nyingi na hutengenezwa kufuata ukubwa wa mashine fulani. Jigi za kushikilia bodi la gari wakati wa kuchomelea huundwa kwa gari moja. Ukihamisha, wiki za mwanzo utapata milango isiyofunga vizuri na magari yaliyoegeshwa uwanjani yakingoja kurekebishwa, na hayo yote ni fedha zilizolala.

Akiba inayokuja haraka ni ya manunuzi: chuma, matairi, betri, usafirishaji. Kampuni mbili zinaweka mikataba mezani na kudai bei ya chini kati ya zile mbili. Hiyo huonekana ndani ya mwaka mmoja au miwili. Ukipewa orodha ya akiba, igawe mafungu matatu. Manunuzi, yape uzito mkubwa. Ofisi na mauzo, nusu. Misingi ya magari ya baadaye, kidogo sana, hasa kama kampuni haina fedha za kuifikia siku hiyo.

Stellantis, iliyozaliwa Januari 2021 kutokana na PSA, kampuni ya Ufaransa yenye Peugeot na Citroën, na Fiat Chrysler, inafundisha pande zote mbili. Iliahidi akiba ya euro bilioni 5 kwa mwaka, na ikasema imelipita lengo hilo mapema, mwaka 2022. Faida halisi ya 2023 ilikuwa euro bilioni 18.6. Mwaka 2024 ikaanguka hadi bilioni 5.5, baada ya magari kurundikana kwa wauzaji Marekani na bei kuwashinda wateja, na Desemba mwaka huo mtendaji mkuu Carlos Tavares akajiuzulu. Kubana matumizi walikuwa wamekuweza vizuri kuliko karibu yeyote. Mteja ndiye aliyewaponyoka.

Kabla ya kupiga kura nataka kusoma hesabu za kampuni zote mbili. Nianzie wapi, maana ni mamia ya kurasa?

Anza na fedha taslimu, na usome kwa jicho la sekta hii. Kampuni ya magari hulipwa gari linapoondoka kiwandani kwenda kwa muuzaji, lakini humlipa msambazaji wa vipuri wiki kadhaa baadaye, mara nyingi siku 45 hadi 60. Mauzo yakipanda, kampuni inaogelea kwenye fedha za wasambazaji. Yakishuka ghafla, malipo ya miezi iliyopita yanadaiwa wakati magari mapya hayaondoki, na fedha hukauka kwa kasi inayoshangaza hata wahasibu. Kwa hiyo fedha zilizo kwenye mizania (jedwali la mali na madeni) si zote za matumizi. Mwaka 2008 General Motors ilieleza kwamba ilihitaji angalau dola bilioni 11 hadi 14 ili tu shughuli ziende. Kiasi kinachozidi hapo, kigawe kwa fedha zinazopotea kila robo mwaka. Ukipata robo nne, na muungano unahitaji miezi 15 kukamilika, umeshaelewa nani atakuwa na haraka kwenye meza ya mazungumzo.

Pili, tenga kampuni ya mikopo ya magari. Madeni yake ni makubwa lakini yana mikopo ya wateja upande wa pili. Ukiyachanganya na ya kiwanda, utaiona kampuni nzima kama imezama.

Tatu, tazama gharama za kubuni magari. Wanaofuata kanuni za kimataifa za uhasibu huruhusiwa kuweka sehemu ya gharama hizo kwenye mizania kama mali na kuzipunguza miaka inayofuata. Kwa kanuni za Marekani, huondolewa kwenye faida papo hapo. Kampuni mbili zenye hali ileile zinaweza kuonyesha faida tofauti kabisa. Toa kiasi kilichowekwa kama mali, kisha linganisha.

Nne, pensheni. Upungufu wa mfuko wa pensheni ni deni, hata kama umeandikwa kwenye maelezo ya nyuma kwa herufi ndogo. Tano, hasara za miaka ya nyuma zilizowekwa kama mali kwa ajili ya kupunguza kodi: nchi nyingi hubana matumizi yake umiliki unapobadilika, hivyo mali hiyo inaweza kuyeyuka siku ya kutia saini.

Mwisho, kiwango cha mauzo kinachorudisha gharama, yaani magari mangapi lazima yauzwe ndipo hasara iishe. Packard ya Marekani iliichukua Studebaker mwezi Oktoba 1954 bila kuvichunguza vitabu ipasavyo. Ilikuja kugundua kwamba Studebaker ilihitaji kuuza magari 282,000 kwa mwaka ili isipate hasara, wakati mwaka huo iliuza kama 82,000. Kuuziwa mbuzi kwenye gunia ndiko huko. Packard, iliyokuwa na jina kubwa la magari ya kifahari, ilitoa gari lake la mwisho mwaka 1958. Studebaker ilifunga kiwanda cha South Bend Desemba 1963, na zaidi ya wafanyakazi 4,000 wakaambulia takriban senti 15 kwa kila dola ya pensheni waliyoistahili. Machungu hayo yalisukuma sheria ya Marekani ya mwaka 1974 ya kulinda pensheni. Swali ambalo wakurugenzi wa Packard hawakulishikia kidete linajibiwa kwa ukurasa mmoja: gharama zisizobadilika za mwaka, gawa kwa kinachobaki kwenye kila gari baada ya vipuri na vibarua.

Je, upo mfano uliofanikiwa?

Ipo miwili mizuri, na yote miwili si muungano kwa maana kamili. Mwaka 1999 Renault ilinunua asilimia 36.8 ya Nissan, ikaingiza yeni bilioni 643 za fedha mpya. Oktoba mwaka huo ulitangazwa mpango wa kufunga viwanda vitano Japani, kupunguza wafanyakazi 21,000, na kubakiza wasambazaji 600 kati ya 1,145. Mwaka wa fedha 1999 Nissan ilirekodi hasara ya yeni bilioni 684. Uliofuata, faida ya bilioni 331. Matumizi ya uwezo wa viwanda vya Japani yalitoka asilimia 53 na kulengwa kufika 82. Unaona namba ile ya 80 inavyorudi.

Mwaka 1998 Hyundai ilichukua asilimia 51 ya Kia iliyokuwa imefilisika, baada ya wadai kukubali kusamehe sehemu ya madeni. Baada ya hapo misingi ya magari iliunganishwa, nembo zikabaki mbili.

Yanayofanana ni haya: upande mmoja uliongoza waziwazi, fedha mpya ziliingia au deni la zamani liliondoka, na makato yalitangazwa kwa namba na tarehe. Kwa wenye hisa wa Kia wa zamani lakini, furaha haikuwa kubwa. Kampuni kupona ni jambo moja, hisa yako kupona ni jingine.

Tumeahidiwa gawio maalumu kabla ya muungano. Si ni zawadi?

Ni fedha zako mwenyewe zinazotoka kwenye kampuni unayoingia nayo. Hutumika kusawazisha uwiano pale upande mmoja unapoonekana kuleta zaidi. Fiat Chrysler iliahidi wenye hisa wake euro bilioni 5.5, lakini korona ilipokausha fedha za sekta nzima, Septemba 2020 kiasi hicho kilishushwa hadi bilioni 2.9. Ukilihesabu gawio hilo ndani ya bei, jiulize kampuni itabaki na fedha za robo mwaka ngapi baada ya kulilipa. Kama ni chini ya zile zinazohitajika kumaliza muungano, piga kura ya kulipunguza.

Nina hati fungani, yaani nimeikopesha kampuni, sina hisa. Haya yananihusu?

Sana, na huenda uko mahali pazuri zaidi. Tafuta kwenye waraka wa toleo kifungu cha mabadiliko ya umiliki: hati nyingi za kampuni zenye daraja la chini la kukopesheka zinampa mwenye hati haki ya kurudishiwa asilimia 101 ya thamani iliyoandikwa. Angalia pia kama deni lako lina dhamana, na nani analidhamini baada ya muungano, kampuni mama au kampuni tanzu peke yake.

Mambo yakiharibika, foleni ndiyo inayoamua. Chrysler ilipofilisika mwaka 2009, wakopeshaji wenye dhamana ya dola bilioni 6.9 walipata bilioni 2 taslimu, senti 29 kwa dola. General Motors mwaka huohuo iliwapa wenye hati fungani zisizo na dhamana, wanaodai kama bilioni 27, asilimia 10 ya hisa za kampuni mpya pamoja na haki za kununua nyingine baadaye. Wenye hisa wa zamani wa GM hawakupata kitu.